Kichwa cha Mazoezi

Nilikwenda Nakuru kufundisha kompyuta, nikaishia kuwa kichwa. Katika kituo cha vijana cha Lanet nilikopelekwa kujitolea kwa mwaka mmoja, kompyuta zilikuwa sita, nzima zilikuwa tatu, na umeme ulikuwa na ratiba yake ambayo hakuna aliyeijua. Chumba cha pili, ukuta mmoja na changu, kilikuwa darasa la ususi. Wao hawakuutegemea sana umeme. Walitegemea vichwa, na vichwa vilikuwa haba.

Niseme kwanza kwamba nilipofika niliwavunja watu moyo. Walikuwa wameambiwa volontia anakuja kutoka nje ya nchi, wakapanga viti, wakapika chapati, watoto wa jirani wakafundishwa wimbo wa Kiingereza. Gari likasimama, nikashuka mimi, msichana wa Singida mwenye begi la mgongoni na ndoo ya asali. Mtoto mmoja alichungulia ndani ya gari kuona kama kuna mwingine amebaki. Kisha mtu akacheka, nami nikacheka, tukala chapati zao. Tangu siku hiyo jina langu likawa Mtanzania, na sikuwahi kuitwa kingine.

Darasa la ususi lilikuwa na sanamu moja ya kichwa cha kufanyia mazoezi, na sanamu hiyo ilikuwa imenyonyoka upande wote wa kushoto. Wasichana waliokuwa wakiigombea walikuwa kumi na mmoja. Wiki yangu ya pili umeme ulikatika katikati ya somo, na mwalimu wa ususi akaingia darasani kwangu bila hodi. Alikuwa mama mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara. Alinitazama kichwani, si usoni.

"Wewe Mtanzania, hizi nywele zote unafanyia nini?"

"Zimekaa tu," nikajibu.

"Basi kuja zikae huku."

Nywele zangu nilizipata kwa mama. Ni nyingi, nyeusi, hazijawahi kuonja dawa, na tangu utotoni mama alizisuka mwenyewe kila Jumapili, mimi nikiwa nimekaa kwenye mkeka katikati ya miguu yake. Sikujua kwamba ni mali mpaka nilipofika Lanet. Mwalimu alinigawa kwa watano aliowachagua, kila mmoja na siku yake, kama zamu ya kuosha vyombo, Jumatatu huyu, Jumanne yule, hadi Ijumaa. Umeme ukikatika, au vipindi vyangu vikiisha, nilivuta kiti na kuketi. Na kwa kuwa sitaki kutaja jina la mtu hapa, wasichana hao nitawaita kwa siku zao, jinsi nilivyokuwa nikiwaita hata wakati ule.

Ninaikumbuka baridi ya asubuhi kule hadi leo, na ajabu ni kwamba ninaililia, mimi niliyeilaani kila nilipokanyaga sakafu. Askari wa kambi ya jirani walipita barabarani wakikimbia mchakamchaka na nyimbo zao, mabati yakalia juani, punda wa maji akagoma mbele ya lango letu karibu kila siku saa mbili kasoro. Saa nne ilikuja chai. Siyo chai yetu ya rangi yenye tangawizi. Hii ilichemshwa pamoja na maziwa kwenye sufuria moja mpaka ikawa nzito, ikamiminwa kwenye vikombe vya bati vinavyounguza midomo. Mwezi wa kwanza niliinywa kwa heshima. Mwezi wa tatu niliitafuta kwa macho saa tatu na nusu. Sasa niko kwetu na ninaipika hivyo hivyo, mama ananiuliza kama nimekuwa mtoto mchanga.

Msichana wa Jumanne alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na alitoka Kihoto, Naivasha, ambako ziwa likifura huingia mpaka kwenye majiko ya watu. Kabla ya kuja kituoni alifanya kazi miaka miwili kwenye shamba moja la maua, katika chumba cha baridi ambamo waridi hufungwa kabla ya kusafirishwa. Baridi ile ilimwachia vidole vigumu. Asubuhi hakuweza kushika kichana mpaka akumbatie kikombe cha chai kwanza, na hakunigusa kichwa kabla hajajiwekea vidole shavuni mwake kupima kama vimepata joto. Wengine walinivuta kama wanang'oa magugu. Yeye aliuliza kila baada ya mistari miwili, "Nimekuumiza?"

"Hapana."

"Ukiumia sema. Mimi si wa kukasirika."

Alikuwa mzito wa kazi, hilo halifichiki. Tuliweza kumaliza mada zote za dunia, kuanzia bei ya vitunguu hadi kwa nini Watanzania tunaomba radhi hata tukikanyagwa sisi, na bado nusu ya kichwa iko wazi. Lakini nilipolala usiku wa Jumanne, kichwa kilikuwa chepesi. Nilikuwa nikimpenda, niseme wazi. Sikuwa na dada, na zile saa mbili za kila juma za kusikia mtu akihema juu ya utosi wangu na kuimba nyimbo za kwaya puani zilinifanya nisahau kwamba niko ugenini.

Msichana wa Alhamisi alikuwa mambo mengine kabisa. Ana haraka, ana mdomo, ana mkono wa chuma. Alisuka kichwa kizima kwa muda ambao Jumanne alihitaji kwa robo, na kazi yake ilipendeza kuliko ya yeyote. Siku ya Ijumaa watu walinisimamisha dukani kuniuliza nani kanisuka. Kichwa kilikuwa kinawaka moto, macho yamevutwa, hata kupiga chafya naogopa, lakini nilitembea shingo juu. Mimi ni mtu ninayependa kupendeza, na upendaji huo ndio ulioharibu mambo.

Jumanne alikuwa na shangazi mwenye saluni hapo hapo Lanet, mlango wa tatu kutoka duka la dawa. Saluni ilikuwa na viti viwili, na kimoja kilikuwa kitupu. Shangazi alikuwa ameshasema maneno yake: leta cheti cha serikali cha daraja la tatu, kiti ni chako. Bila cheti, hapana, damu au si damu, kwa sababu hii si saluni ya kujifunzia. Jumanne alikuwa ameshafanya mtihani huo mara moja akaanguka. Muda ulimwishia akiwa amebakiza mistari miwili ya kusuka. Mtihani wa pili ulikuwa Novemba. Desemba ni msimu wa wasusi, mji mzima unataka kichwa kipya kwa Krismasi, na shangazi hakuwa tayari kuuingia msimu na kiti kitupu. Akikosa safari hii, kiti kinakwenda kwa msichana mwingine, naye anarudi Naivasha kwenye chumba cha baridi.

Mtahiniwa huja na kichwa chake, yaani mtu wa kusukwa. Wenyewe humwita modo. Jumanne aliniomba mwezi wa nane, kwa aibu, akiangalia kichana.

"Najua wote watakutaka. Lakini hii kichwa yako naijua. Nikifunga macho najua penye nywele zimejikunja."

Nilimkubalia kabla hajamaliza. Mwalimu akatupa masharti: wiki mbili kabla ya mtihani kichwa kipumzike, kisisukwe, kifungwe kitambaa tu. Modo mwenye kidonda au kipele kichwani hutolewa nje, na mtahiniwa aliyemleta hurudi mwakani. Alilisema hilo mara tatu, kidole kikinielekea mimi.

Siku kumi nilitii. Jumamosi, siku nne kabla ya mtihani, sisi volontia wa Bonde la Ufa tulikuwa tukutane Menengai, kwenye kreta ya ule mlima wa volkano, kupiga picha za kuagana, maana mwaka ulikuwa unaisha. Asubuhi hiyo Alhamisi alinikuta bombani.

"Unaenda Menengai na hiyo kitambaa? Utakaa kama mathe, mama wa kuuza maziwa."

"Kichwa kimepumzishwa. Kina mtihani Jumatano."

"Nakusuka saa hii, kesho kutwa unafungua. Nani atajua? Na mimi nipate picha ya kuweka kwa simu, watu waone kazi."

Ningeweza kusema hapana. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani, nikitafuta mahali ambapo nilishurutishwa, na sipaoni. Nilikaa chini mwenyewe. Alinisuka mistari ishirini na minne, myembamba, yote imepandishwa juu na kukutana utosini. Nilipendeza mno. Kule juu ya kreta upepo ulikuwa mkali, wenzangu wote nywele zao zilivurugika, za kwangu hazikutikisika. Picha ninayo hadi leo na siwezi kuitazama kwa raha.

Jumapili sikuweza kuweka kichwa kwenye mto. Jumatatu nilijifungia chumbani nikafumua peke yangu, na nyuma ya sikio la kulia vidole vyangu vikakutana na maji. Vilikuwa vidonda vitatu, kila kimoja kadiri ya punje ya maharagwe, ngozi imeng'oka pamoja na nywele. Nilivisafisha kwa maji ya chumvi huku nikilia, na sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu nilijua nimefanya nini.

Jumanne alikuja siku yake kama kawaida, na beseni na shampuu, kunisafisha kwa ajili ya kesho. Nilimwambia nina mafua, nimeshajiosha mwenyewe, asihangaike. Nilimwongopea nikiwa nimefunga kitambaa hadi kwenye nyusi. Alinitazama kidogo, akaweka mkono wake juu ya paji langu la uso kupima homa.

"Unywe maji ya moto na ndimu," akasema. "Kesho usikuje ukiwa mgonjwa juu yangu."

Mtihani ulifanyika mjini, katika ukumbi wa chuo kimoja. Watahiniwa walivaa makoti meupe, sisi modo tuliketi mbele yao kwenye viti vya plastiki, safu mbili. Mtahini alikuwa mama wa miwani ya kusomea, mpole kiasi. Alipita akipitisha kichana juu ya kila kichwa. Alipofika kwangu aliuliza kama nina kidonda au naumwa popote. Nikasema hapana. Nywele zangu nyingi zilificha kila kitu, na yeye akaenda kwa mwingine.

Kazi ilikuwa mistari minane, sawasawa, iliyonyooka kutoka kwenye paji hadi kisogoni, kwa saa mbili. Jumanne alianzia kushoto. Sikuwahi kumwona akifanya kazi vile. Hakuna chai ya kupashia vidole, lakini vidole vilikwenda, na kwaya ikaimba chini chini puani mwake. Mtahini alipita mara ya kwanza akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mstari wa nne uliisha kabla saa ya kwanza haijakwisha. Nilianza kuamini tutatoka salama, nikajiahidi kuuma meno na kukausha uso, maana maksi nyingine hutolewa kwa kutazama uso wa modo kama unaumia.

Kwenye mstari wa saba aligawa nywele nyuma ya sikio la kulia, na mkono wake ukasimama.

Nilimsikia akiacha kuimba. Nilijua anaona nini, na sikuwa na ujasiri wa kugeuka. Mstari ulipaswa kupita juu ya vidonda moja kwa moja. Ningevumilia, Mungu anajua, ningevumilia hata kama angetumia mkono wa Alhamisi. Nikanong'ona, "Vuta tu. Pitisha." Kisha nikahisi ncha ya kichana ikipanda, ikazunguka mbali na kidonda, ikarudi kushuka kisogoni. Mstari wa saba ukapinda, na wa nane, ili usiukanyage wa saba, ukapinda nao. Alifanya hivyo polepole, na hakunigusa palipouma hata mara moja.

Mtahini akarudi. Alisimama nyuma yetu.

"Hii line imepinda kwa nini? Na ulikuwa unaenda vizuri sana."

Angesema modo ana kidonda, tungetolewa wote wawili. Asiposema, kosa ni lake. Mimi nilikuwa na mdomo wangu pale, mzima, unaojua kusema.

"Ni mkono yangu, madam," Jumanne akasema. "Imeteleza."

Mtahini akaandika. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yake, nisimharibie zaidi. Ilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilikuwa naona aibu mbele ya watu wale wote.

Tulitoka ukumbini. Alitembea mbele yangu hadi karibu na soko, akaingia duka la dawa, akatoka na pamba na chupa ndogo ya dawa ya kusafishia vidonda. Akaniketisha kwenye ukingo wa mtaro, watu wanapita, akaanza kunisafisha nyuma ya sikio.

"Saa hii nataka kukuchapa," akasema.

"Nichape."

"Ni nani? Ni Thursday?" Hakungoja nijibu. "Huyo anavuta, hiyo ni kawaida yake. Lakini wewe ulikuwa unajua. Jana nikakushika uso nikidhani uko na homa."

"Kwa nini hukupitisha tu? Nilikwambia uvute. Ungepita mtihani."

Alifunga kile kichupa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wiki ijayo unaenda kwenu," akasema. "Mamako atafungua hii kichwa. Apate nimesuka juu ya kidonda, atasema hao watu wa Kenya walikuwa wanakaa na wewe aje? Siwezi. Heri huyo mama wa miwani aniandikie vibaya."

Niliondoka Lanet Jumatano iliyofuata. Walipika chapati tena. Alhamisi alinikumbatia akalia, hakuwa anajua lolote, na sikumwambia. Jumanne alinisindikiza hadi stendi akanibebea ndoo, ile ile ya asali, sasa imejaa minji, njegere za kwao, na viazi vikubwa kama mabomu alivyonipa mwalimu. Tuliagana kama watu wanaoonana kesho.

Sikufumua zile nywele. Nilirudi nazo Singida, nikalala nazo, nikaenda nazo kanisani, mama akauliza mara mbili nami nikasema bado. Wiki ya nne ulikuja ujumbe kwenye simu: *Nimeanguka practical. Kidogo tu. Auntie amepata msichana, ameanza Monday. Usijiskie vibaya, sawa?* Nilikaa na ile simu hadi skrini ikazima. Hilo neno la mwisho ndilo lililonimaliza.

Jioni hiyo mama alitandika mkeka akaniita, akasema inatosha, kichwa kinanuka safari. Nikakaa katikati ya miguu yake, mtu mzima mimi. Alifumua wa kwanza, wa pili, akisifu jinsi ngozi ilivyo safi. Alipofika kulia alisimama. Akapapasa. Vidonda vilikuwa vimeshapona, kimebaki kipara kidogo kilaini.

"Hapa palikuwa na kidonda," mama akasema. "Na aliyekusuka alipazunguka. Ona alivyopanda, ona alivyoshuka. Huyu ni fundi. Anasukia wapi?"

"Hasuki popote, mama. Alikuwa kwenye mtihani. Amefelishwa kwa mstari huo."

Mama alitaka kujua mtihani gani unaomfelisha mtu kwa kumwonea mwenzake huruma. Ndipo nikamweleza, kuanzia bombani hadi kwenye ukingo wa mtaro, na kile kiti cha shangazi, nikiwa nimempa mgongo, maana usoni nisingeweza. Nilipomaliza alichukua kichana akaendelea kufumua.

"Basi aliyefeli ni wewe," akasema. "Na shangazi yake anajua?"

Hakujua. Jumanne alikuwa amemwambia mkono uliteleza.

Namba ya shangazi nilikuwa nayo, Jumanne aliwahi kumpigia kwa simu yangu. Mama alinisukumia simu kwa mguu, na mimi nikapiga nikiwa palepale mkekani, nusu ya kichwa imefumuliwa. Ilipokelewa katikati ya kelele za saluni ya Desemba, mashine ya kukaushia nywele inanguruma, wanawake wanacheka, redio iko juu. Nikajitaja, Mtanzania wa kituoni. Nikasema mstari ule haukuteleza. Nikasema nilikuwa na kidonda, nilikificha, nilijitafutia mwenyewe kwa kutaka kupendeza kwenye picha, na yeye alikiona akachagua kuanguka kuliko kuniumiza. Nilisema kwa pumzi moja, nikaisha maneno.

Kisha nikasikia mashine ikizimwa, halafu redio, na vicheko vikafa kimoja kimoja.

"Rudia," akasema. "Pole pole. Nimekuweka loudspeaker, na hapa kwa kiti ya pili kuna huyo msichana mpya, nataka asikie mbona ataiachia mwenyewe."

Nikarudia yote, nikianzia na lile kosa langu.